Goti Likikataa, Tunga Wacheze Wengine

Juma lililopita niliandikiwa na binti mmoja wa Kigoma, mnenguaji wa bendi, akiniuliza kama mtu anayesumbuliwa na goti akiwa bado kijana aachane kabisa na dansi, arudi kumsaidia mama yake kuuza dagaa. Maswali ya namna hiyo yameongezeka tangu watoto ninaowafundisha hapa Tabora waliposhika nafasi ya kwanza katika ngoma, mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA, ngazi ya wilaya. Kwa kuwa ushindi ule ni wangu pia, ingawa jina langu halikutajwa jukwaani, nitajibu hadharani.

Wanafunzi wangu wameshachoka kusikia habari za Christopher Dean, Mwingereza wa Nottingham aliyekuwa askari polisi kabla ya kuigeuza dansi ya barafuni, ile ya watu wawili wanaoteleza kwa viatu vyenye chuma chini, kuwa kazi yake. Yeye na Jayne Torvill, aliyekuwa karani wa bima, walikuwa mabingwa wa dunia kuanzia 1981 hadi 1984, na mwaka huo wa mwisho wakatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Sarajevo. Muziki wao, Boléro wa Mfaransa Ravel, ulizidi muda ulioruhusiwa hata baada ya kufupishwa. Lakini saa ya waamuzi ilianza kuhesabu pale tu chuma cha kiatu kilipoanza kuteleza barafuni, kwa hiyo walianza wakiwa wamepiga magoti, wakicheza kwa mikono na viwiliwili mpaka ile ziada ikaisha. Huo ndio utunzi: kuisoma kanuni hadi uone mahali inapokuachia nafasi.

Baadaye Dean aliwatungia stepu Isabelle na Paul Duchesnay, dada na kaka walioiwakilisha Ufaransa, ambao mtindo wao uliwagawa waamuzi. Walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1991, kisha wakapata fedha kwenye Olimpiki ya 1992 huko Albertville, naye mtunzi akiwa nje ya uwanja. Mwaka 1994 alirudi mashindanoni na Torvill, wakapata shaba kwenye Olimpiki ya Lillehammer. Namheshimu kwa kurudi, ingawa mimi nisingerudi.

Nasema hivyo kwa sababu nami niliondolewa mbele. Niliongoza safu ya wanenguaji katika bendi moja ya hapa mjini, na stepu nyingi zilizowainua watu vitini nilizitunga mimi usiku, nikihesabu kwa vidole. Alipokuja kiongozi mpya, alinipeleka nyuma, kisha akaniambia umri umenitupa mkono; stepu zangu akabaki nazo na kujiita mtunzi wake. Mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule na kusikia ngoma zikiingia, naijua hesabu inayofuata kabla wao hawajaicheza.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi aliponiita, niligundua kwamba watoto hawawezi kubeba madaha yangu. Mmoja ni mrefu kupita wenzake, mwingine bega lake halinyanyuki sawasawa. Nililazimika kuanza na miili yao, nikamweka yule mrefu katikati ili wenzake wamzunguke, na bega zito likawa ndilo linaloanzisha mzunguko. Vijana wa leo hamlitaki hili: mnataka kila anayecheza afanane nanyi, halafu mnalalamika kwamba hamna kipaji cha kufundisha. Tazameni watu. Andikeni stepu zenu kwenye daftari, muweke na tarehe. Ulizeni kanuni za muda kabla ya kuchagua wimbo, na malipo yaandikwe kabla ya zoezi la kwanza, kwa maana sifa za mdomo hazilipi kodi ya chumba. Nasisitiza tena kuhusu daftari.

Wewe binti, anza kwa kulipeleka goti hospitalini. Kisha wafundishe wenzako wanne ulichokitunga, uwarekodi video na unitumie, na wewe usionekane ndani yake hata mara moja.