Saa ya kubadilisha kalibu haina bei moja

Msomaji ameandika, nusu anajisifu, nusu analalamika: mashine zake hazilali, lakini oda zinachelewa na hela imekwama ghalani. Anauliza kama anunue mashine nyingine. Asubiri kwanza, ashike kalamu.

Tuseme kiwanda cha mabeseni ya plastiki kina hatua tatu. Kichanganyio kinatosheleza mabeseni 100 kwa saa, mashine ya kalibu (chuma kinachoipa plastiki umbo la beseni) inatoa 60, wafungashaji wanamudu 90. Basi kiwanda hicho ni cha 60. Kichanganyio kikiachwa kikimbie, kila saa kinarundika malighafi ya mabeseni 40, na rundo hilo limeshalipiwa. Ndiyo hela inayotafutwa hiyo.

Sasa simamisha ufungashaji saa 2. Mabeseni 120 yatasubiri, na kwa kuwa wafungashaji wana akiba ya 30 kwa saa, baada ya saa 4 deni limekwisha, mradi pana nafasi ya kuyaweka. Simamisha mashine ya kalibu saa hizo hizo 2, tuseme kubadilisha kalibu: mabeseni 120 yamepotea, na hakuna wa kuyafidia. Wahasibu wengi huandika gharama moja kwa yote mawili, mshahara wa fundi tu. Hapo ndipo ratiba inapoharibika.

Ukubwa wa bechi, yaani mabeseni unayotoa mfululizo kabla ya kubadilisha tena, una hesabu yake, aliyoitoa mhandisi Mmarekani Ford Harris mwaka 1913: mahitaji ya mwaka mara gharama ya kubadilisha mara moja, mara 2, gawanya kwa gharama ya kuhifadhi beseni moja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mahitaji yakiwa 40,000, uhifadhi 1 (kwa sarafu yoyote), fundi na plastiki inayoharibika 200, unapata bechi ya 4,000. Lakini kama kila beseni linaacha 5 baada ya kutoa malighafi, yale 120 yaliyopotea ni 600. Gharama halisi ni 800, na bechi inaruka hadi 8,000. Usihangaike na tarakimu ya mwisho. Ukizidisha bechi kwa nusu, gharama hupanda kama asilimia 8 tu. Kinachoumiza ni kukosea ile 800.

Bechi kubwa nayo inajaza ghala na kuchelewesha rangi nyingine, kwa hiyo kata muda wa kubadilisha. Ukishuka hadi nusu saa, gharama yote ikashuka kwa kiasi hicho hicho hadi 200, unarudi kwenye 4,000. Kazi nyingi zinafanyika mashine ikiwa bado inakimbia: kalibu ijayo isafishwe na kupashwa moto, bolti, spana na mipira ya maji vikae kwenye toroli kando ya mashine. Kalibu zote ziwe na unene mmoja pale zinapobanwa, fundi asianze kupima upya. Rangi zipangwe nyeupe, njano, nyekundu, nyeusi. Ukitoka nyeusi kwenda nyeupe utasukuma kilo na kilo za plastiki ya kusafishia, na bado mabeseni ya kwanza yatatoka na michirizi ya kijivu.

Malighafi yenye unyevu ikamatwe kabla ya kuingia kwenye kalibu. Beseni bovu likigunduliwa kwenye kufungasha, dakika yake imeshaliwa. Na chakula cha mchana watu wale kwa zamu. Wafungashaji wanaweza kuondoka wote pamoja, mwendesha kalibu haondoki mpaka apokewe.