Mume wangu amehamia chumba cha wajukuu

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 58, nalima korosho huku Tandahimba. Mume wangu ana miaka 66. Tangu msimu uliopita hanigusi, na sasa amehamia chumba cha wajukuu. Anakunywa dawa ya presha, na usiku haachi kuamka kwenda kukojoa. Mashoga zangu wanasema ana nyumba ndogo, hela za korosho zinaishia huko. Mnadani kuna kijana anauza unga wa nguvu za kiume. Nimnunulie nimtilie kwenye uji? – Mama Mwenye Mawazo

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue, na usimtilie mtu dawa kwa siri. Unga wa namna hiyo ukipimwa maabara, mara nyingine hukutwa umechanganywa sildenafili, dawa ya hospitali ya kuongeza nguvu za kiume. Hiyo ni dawa halali, Marekani waliipitisha mwaka 1998, lakini ikikutana na dawa za moyo aina ya nitreti, presha hushuka ghafla na mtu anaweza kufa.

Nimehudumu wodi ya wanaume hapa Mtwara mpaka nikastaafu, na katika barua yako kilichonishtua ni huko kukojoa usiku. Apimwe sukari, na tezi dume iangaliwe. Sukari na presha huharibu mishipa, na mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo hupata shida mapema. Wako wanaume ambao nguvu ziliwaishia miaka kadhaa kabla moyo haujaanza kuwauma. Mwahishe mumeo hospitali sasa.

Dawa zenyewe za presha nazo, hasa propranololi na baadhi ya zile za kukojosha, zinaweza kupunguza nguvu. Asiziache, kiharusi hakina huruma. Amweleze daktari, zipo nyingine za kumbadilishia. Uraka na nipa, hizo pombe zetu za mabibo, za kila jioni apunguze.

Wala usikubali kuambiwa ni uzee tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 uliwahoji watu 3,005 wa miaka 57 hadi 85. Wa miaka 65 hadi 74, asilimia 53 walikuwa bado wanakutana kimwili. Waliojiona wana afya mbovu ndio walioacha zaidi.

Aibu ndiyo ngumu. Huku kwetu babu akitaja mambo haya anachekwa, na kijana wa zahanati anaweza kuwa rika la mjukuu wake. Sisi unyagoni tulifundwa kumtunza mume. Habari za mwili wake ukichoka hatukuambiwa. Kwa hiyo naamini amehamia kule kukwepa kushindwa mbele yako, na hao mashoga zako wanakuongezea tu maumivu. Mwite mkiwa peke yenu, shambani ni pazuri. Mwambie, “Baba, sijakasirika, nahofia afya yako, twende wote hospitali ya wilaya.” Mkifika, aombe kuonana na daktari mwanamume mtu mzima kama yupo. Usiku huohuo arudi chumbani kwenu, hata kama ni kulala na kuzungumza tu. Majibu ya sukari yakitoka, niandikie.