Taifodi ya kila mwezi, na maswali mengine

Wiki hii nimechagua barua tano. Karibu zote zimeanza na "Shikamoo dokta". Marahaba, ila narudia: mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Majibu yangu yana harufu ya spiriti.

Mama wa wawili, Mbagala: *Mwaka huu nimeambiwa nina taifodi mara nne. Kila mara nachomwa sindano za masaa, napata nafuu, baada ya mwezi narudi kulekule. Juzi wamesema ni taifodi sugu. Kwani damu yangu ni chafu?*

Damu yako haina uchafu wowote, mama. Tuanze na kipimo. Nakisia walikupima Widal, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa Georges-Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896. Nimekifanya mara nisizoweza kuhesabu. Unatenga majimaji ya damu, unadondosha tone kwenye kipande cheupe, unaongeza tone la dawa ya rangi, unachanganya kwa kijiti, kisha unakitikisatikisa kama dakika moja huku umekodoa macho. Zikijitokeza chengachenga kama maziwa yaliyokatika, unaandika kuwa ugonjwa upo. Sasa piga picha ni saa saba mchana, foleni imefika mlangoni na feni imekata roho. Macho yaliyochoka huona chenga pasipo na kitu. Mahali nilipowahi kufanya kazi, sampuli moja ilisomwa na watu wawili: mmoja akaandika ipo, mwenzake akaandika haipo. Mgonjwa alipewa jibu la aliyemaliza kwanza.

Lakini hata kikisomwa vizuri, kipimo hicho hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa kupambana naye. Askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu taifodi ya zamani, au wameletwa na chanjo, au na bakteria wengine wanaofanana naye. Vita imekwisha, askari bado wako kambini. Ukipima leo na mwezi ujao utawakuta, na kila ukiwakuta unachomwa sindano. Hiyo ndiyo taifodi "sugu" ya wengi.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu. Inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria na kusubiriwa siku kadhaa. Mdudu akiota, anajaribiwa kwa dawa mbalimbali ijulikane ipi inamuua. Nacho kina upungufu wake, humkosa mdudu mara nyingi tu, hasa kama umeshameza antibayotiki. Ila kikisema yupo, yupo.

Ile nafuu unayoipata? Homa nyingi za virusi huondoka zenyewe ndani ya siku chache. Sindano inakuwepo wakati homa inaaga, basi inachukua sifa.

Haya siyatoi hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima kwa kina watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria ilikuwa kama asilimia 10, taifodi haikufika hata 4. Moshi nako, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Moshi si Geita wala Kigoma, najua, huko mbu wana kazi nyingine. Lakini 14!

Ukipata homa tena nenda, usikae nyumbani. Waulize tu: mnaweza kuotesha damu kabla sijaanza dawa? Wakisema hawana uwezo huo, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Na waambie umeshatibiwa mara nne. Homa inayorudi kila mwezi inastahili kutafutiwa chanzo kingine, ikiwemo kifua kikuu.

Mzee wa Kilosa: *Nimemaliza dozi ya dawa mseto ya malaria vizuri. Wiki moja baadaye nimepima kile kipimo cha haraka, mistari miwili tena. Dawa ilikuwa feki?*

Si lazima, mzee wangu. Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia hutafuta protini inayomwagwa na vimelea vya malaria, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ni kama moshi jikoni baada ya moto kuzimwa. Kama homa imeisha, usirudie dawa kwa sababu ya mstari. Kama homa ipo, rudi leo hii, damu yako iwekwe kwenye kioo na isomwe kwa hadubini. Hapo tunamtafuta kimelea mwenyewe.

Mke wa fundi seremala, Tanga: *Mume wangu ana vidonda vya tumbo. Mama mkwe anasema ni mawazo na pilipili, nesi anasema ni bakteria. Nani mkweli?*

Nesi. Mama mkwe usimcheke, maana hata madaktari bingwa waliamini kama yeye hadi miaka ya 1980. Mjini Perth, Australia, Robin Warren alikuwa akiona bakteria waliojipinda kwenye vipande vya nyama ya tumbo, naye kijana Barry Marshall akajaribu kuwaotesha. Haikuwezekana, kwa sababu maabara ilikuwa ikitupa sahani baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 watu wakaenda likizo, sahani zikasahaulika kwa siku kadhaa, kurudi wakakuta bakteria wameota. Wenzao bado hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akakoroga bakteria hao kwenye kikombe akanywa. Baada ya siku chache alikuwa anatapika, na mpira wa kuchungulia tumbo ulionyesha tumbo limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. (Vijana wa maabara mnaonisoma, msiige.)

Huyo mdudu, *Helicobacter pylori*, hutibiwa kwa antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Anayeacha siku ya tano kwa sababu maumivu yameisha anamwachia mdudu nafasi ya kuzoea dawa. Kuhakiki kama amepona, apime kinyesi au kile cha kupuliza pumzi, angalau wiki nne baada ya antibayotiki, na dawa ya asidi awe ameiacha wiki mbili. Kipimo cha damu kisitumike hapo. Ni hadithi ileile ya askari walioko kambini.

Nina swali kwa fundi: mgongo ukimuuma anameza nini? Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini nazo huchimba vidonda, bakteria akiwepo au asiwepo. Maziwa yanapoza kidogo, kisha tumbo linatoa asidi zaidi. Akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, ni hospitali usiku huohuo.

Mwanafunzi, Mtwara: *Tumebishana bwenini. Chikungunya ni neno la Kijapani?*

Mko Mtwara na mnabishana! Ni Kimakonde, lina maana ya kupindishwa au kukunjika, jinsi mgonjwa anavyotembea viungo vikimkaza. Ugonjwa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hukohuko kwenu, uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Unaenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, na ndiye huyohuyo wa dengue, ambayo wazee wa pwani waliiita kidinga popo. Kwa kuwa magonjwa haya mawili hufanana siku za mwanzo, tuliza homa kwa parasetamoli; aspirini na diklofenaki kaa nazo mbali hadi ithibitike kuwa si dengue, maana huongeza hatari ya kuvuja damu.

Baba, Bagamoyo: *Watafiti wanataka mwanangu aingie kwenye utafiti wa chanjo. Wanasema kompyuta ndiyo itachagua apate ipi. Wanatufanyia majaribio?*

Ndiyo, ni majaribio, na mtafiti mwaminifu atakuambia hivyo mwenyewe. Kompyuta inachagua ili daktari asiwape chanjo mpya watoto wenye afya nzuri peke yao, kisha aseme chanjo inafanya kazi. Bagamoyo ni mwenyeji wa mambo haya: pamoja na Korogwe, ilikuwa kati ya vituo 11 katika nchi 7 vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, kwa watoto zaidi ya 15,000. Watoto wa kundi la kulinganisha, yaani wasiopewa chanjo inayojaribiwa, hawakuchomwa maji. Wale wakubwa kidogo walipata chanjo ya kichaa cha mbwa, wachanga walipata ya homa ya uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza RTS,S mwaka 2021.

Waulize kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kiko wapi, nani atagharimia mtoto akiumwa, na kundi la kulinganisha linapata nini. Unaweza kumtoa mtoto siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yake ya kawaida hayaguswi. Asiyejua kusoma husomewa fomu mbele ya shahidi asiye wa timu yao, kisha anaweka dole gumba. Nakala moja ya fomu ni yako, ina namba ya simu ya kupiga hata usiku. Usiiache mezani kwao.