Kwa nini upepo wa Jua una chuma nyingi kuliko uso wa Jua

Kaka umeuliza kama Jua ni tufe moja la gesi inakuwaje upepo wake (chembe zenye chaji zinazomiminika kutoka kwenye Jua kwenda angani) usiwe na mchanganyiko uleule. Sisi wa huku Dodoma tumezoea kupepeta mtama, chepesi ndo kinapeperuka na kizito kinabaki, sasa kule usitumie akili hiyo maana uzito sio mwamuzi mkuu, kinachoangaliwa zaidi ni urahisi wa atomu kupoteza elektroni yake ya kwanza. Chuma, magnesiamu na silikoni zinaipoteza kirahisi, chini ya elektronivolti 10 (hicho ni kipimo kidogo cha nishati), kwa hiyo zikiwa bado kwenye tabaka la chini la angahewa ya Jua zinakuwa tayari na chaji na mawimbi ya sumaku yanazisukuma juu kwenye korona (angahewa ya nje ya Jua, ndo huko upepo unakoanzia), wakati neoni na agoni bado hazina chaji, sumaku haina pa kuzishika. Ndo maana korona inaweza kuwa na chuma mara 3 au 4 ukilinganisha na uso.

Upepo wenyewe ni wa aina mbili. Ule wa kasi, kama kilomita 700 kwa sekunde, unatoka kwenye mashimo ya korona (sehemu ambazo sumaku ya Jua imefunguka kuelekea nje) na mchanganyiko wake unakaribia wa usoni, ule wa taratibu, kama 400 (taratibu gani hiyo sasa!), ndo una nyingi za hizo zinazopoteza elektroni kirahisi. Heliamu nayo ina vituko vyake, kwenye upepo wa taratibu inapungua sana Jua likiwa limetulia halafu inapanda madoa meusi ya usoni kwa Jua yakiongezeka.