Barua kwa mwanangu: siku ambayo sikuhesabu

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Buruburu. Sisi tu wazima. Goti la mama yako linamsumbua na baridi hii, lakini anatembea.

Jumapili nilipokusindikiza stejini uliniuliza swali juu ya uvimbe huo wa endometriosisi ulio kwenye ovari yako, nami nikajifanya naangalia kama matatu imejaa. Uliuliza: "Baba, ungekuwa ni wewe, ungechagua sindano au upasuaji?" Ukapanda, gari likaondoka, swali nikabaki nalo. Siku nne sasa nalala nalo na kuamka nalo. Si mazoea ya baba kumwandikia binti yake habari za mfuko wa uzazi. Marehemu baba yangu angetoka nje ya nyumba. Lakini mama yako ulipomuuliza alikwambia, "Muulize baba yako," na mimi najua kwa nini alikuelekeza kwangu.

Ile hadithi ya El Niño unaijua. Kila Krismasi shangazi yako huirudia: Novemba 1997, mvua hainyamazi, mimi natoka kazini Industrial Area kwa miguu, viatu mkononi, suruali nimeikunja magotini, naingia hospitalini nimejaa matope mpaka nesi ananifukuza wadini. Watu hucheka hapo. Mama yako naye hucheka. Hiyo ni nusu tu, na nusu ya pili sijawahi kukupa.

Mama yako alilazwa kwa ajili ya uvimbe. Ulikuwa kwenye ovari ya kushoto kama wako, ule wa damu iliyokaa ikawa nzito, rangi ya chokoleti. Yeye alikuwa na miaka 30, wewe 3, na kila jioni ulituuliza tunakuletea lini mdogo wako. Aliingia chumba cha upasuaji akijua anatolewa uvimbe, basi. Hakuna aliyemwambia lingine. Mimi nikakaa kwenye benchi, maji yananichuruzika.

Baada ya kama saa moja daktari akatoka, barakoa imening'inia shingoni. Akasema ndani kila kitu kimeshikana, utumbo, mfuko na mirija, kama mtu aliyemwaga gundi, na kwamba afadhali atoe mfuko wa uzazi wote ili mgonjwa apone kabisa. Nesi alisimama nyuma yake na fomu. "Wewe ndiye mume? Tia saini hapa."

Umekua ukinisikia nikisema: usitie saini kabla ya kuhesabu. Miaka 31 nilikuwa karani wa stoo, na hayo ndiyo niliyowafundisha vijana wote waliopita mikononi mwangu. Lori limeleta mifuko 400, dereva ana haraka, mvua inanyesha, bosi anapiga kelele. Hesabu kwanza. Ukishatia saini, kilichopungua ni chako. Niliyasema kazini, niliyasema nyumbani, nilikwambia wewe ulipopanga nyumba ya kwanza kule Rongai. Na siku ile, kwa kitu ambacho hakikuwa changu, sikuhesabu. Sikuuliza kama jambo hilo linaweza kungoja mwenyewe aamke. Sikuuliza kama mfuko ukitoka, yale yaliyoshikana kwenye utumbo yanatoka nao au yanabaki. Nilichukua kalamu na mkono uliolowa nikaandika jina langu.

Kuna siku najitetea. Najiambia nilikuwa kijana, daktari ndiye aliyesoma, tumbo la mke wangu lilikuwa wazi mezani. Yote ni kweli. Halafu najijibu: daktari hakusema anakufa. Hakutaja damu kumwagika. Alisema "afadhali." Neno hilo lingeweza kungoja mtu azinduke.

Alipozinduka nilimwambia uvimbe umetolewa. Hilo tu. Kesho yake nesi wa zamu ya asubuhi, bila kujua, akampa pole ya mfuko wa uzazi. Nilipofika saa ya kuona wagonjwa nilimkuta ameugeukia ukuta. Hakulia, hakunitukana. Aliniuliza: "Ulihesabu?"

Sijamjibu mpaka leo.

Na kumbe hakupona. Miaka 2 haikuisha, maumivu yakarudi. Daktari mwingine, mama mmoja mpole, ndiye aliyetuchorea kwenye karatasi tukaelewa. Endometriosisi si ugonjwa wa mfuko peke yake. Ni nyama inayofanana na ngozi ya ndani ya mfuko, lakini imemea nje yake, kwenye ovari, nyuma ya mfuko, juu ya utumbo, na homoni zikipanda nayo huvimba na kutoa damu isiyo na pa kupitia. Mfuko ulitolewa, mabaka ya kwenye utumbo yakaachwa, na ovari moja iliyobaki ikaendelea kuyalisha. Kwa hiyo mama yako alipita njia zote mbili unazoniuliza: kisu kwanza, sindano baadaye.

Sindano yake ilikuwa ya kila wiki 4, kipande kidogo cha dawa kinachosukumwa chini ya ngozi ya tumbo, jamii moja na hiyo goserelini uliyotajiwa. Wiki za mwanzo maumivu yalizidi, tukadhani tumeibiwa pesa zetu. Ndivyo dawa hizi zinavyoanza: huichokoza homoni kabla ya kuizima. Kisha ikazima. Ilikuwa Julai 2000, mwaka ule wa mgao wa stima, baridi ya Nairobi unayoijua. Usiku wa manane nikaamka nikakuta kitanda kitupu na mshumaa unawaka jikoni. Mama yako amefungua mlango, amekaa kizingitini, jasho linamtoka, mwili wa miaka 33 umedhani umefika 50. Nikataka kuufunga mlango. Akasema, "Acha. Njoo ukae." Nikakaa. Akashika tumbo lake, akasema, "Leo haliumi. Tangu nilipovunja ungo ni mara ya kwanza najua lilivyo lisipouma." Nikachemsha chai ya tangawizi, tukakaa pale mpaka matatu za kwanza zikaanza kupiga honi barabarani, na alikuwa anaongea, Rehema, anaongea kama msichana niliyemwoa. Ukiniuliza furaha ni nini, nakuonyesha kizingiti kile.

Ilidumu miezi 6. Daktari akaisimamisha, kwa kuwa homoni ikikauka mifupa nayo hupungua. Siku hizi huongezewa vidonge vya homoni kidogo vya kulinda mifupa, na hapo mgonjwa anaweza kuendelea zaidi. Muulize daktari wako, maana mama yako hakupewa. Mwaka 2011 alipoteleza sokoni pale Marikiti akavunjika kifundo cha mkono, nililaumu sindano. Baadaye nikajisuta. Ilikuwa imepita miaka 11, mfupa uliopungua kwa sindano sehemu kubwa hurudi ikikoma, na Marikiti asubuhi humtelezesha yeyote. Nilikuwa natafuta tu wa kulaumu badala yangu.

Na sindano ilipoisha, maumivu yalirudi polepole. Huulaza ugonjwa, haiung'oi.

Sasa wewe. Una miaka 31, uvimbe wa sentimita 5, na wewe na mchumba wako mnataka mtoto mapema. Ukiwa kwenye sindano hiyo kwa kawaida hutapata mimba, na ukiimaliza haitakuwa imekuongezea nafasi ya kushika kwa njia ya kawaida. Hata ile Depo ya kupanga uzazi uliyochoma chuoni huchelewesha, wengine hungoja miezi 10 au zaidi tangu sindano ya mwisho. Basi ni kisu? Ngoja. Laparoskopi ya leo si lile tumbo lililopasuliwa mwaka 1997. Ni matundu madogo, gesi ya kuinua tumbo na kamera kitovuni, na wengi hulala nyumbani kwao siku hiyo au ya pili. Lakini uvimbe wa namna hii hugandamana na nyama nzuri ya ovari, na anayeubandua anaweza kubandua mayai pamoja nao. Ndiyo maana kipimo cha AMH, kile cha damu cha kukadiria mayai yaliyobaki, kifanywe kwanza. Tena hata ukitolewa kwa ustadi unaweza kurudi, na ndiyo sababu wasiotafuta mimba mara moja huwekwa kwenye homoni baada ya upasuaji.

Naona unavyonisoma hapa ukisema Baba anaegemea sindano. Aya iliyopita ungesema naegemea kisu. Nimeandika barua hii mara tatu na kila mara naangukia upande tofauti, na upande wa leo ninao, uko ncha ya ulimi. Sitausema. Ninajizuia kwa nguvu, ujue hivyo.

Lipo jingine la kukiri. Njambi Koikai alipofariki Juni 2024, yule tuliyemzoea redioni na reggae yake, ambaye ugonjwa huu ulimpandia kifuani mpaka mapafu yakawa yanaporomoka na akapelekwa Atlanta kutibiwa, mama yako alizima televisheni akasema, "Yule alisema kwa sauti." Sisi hatukusema. Shuleni walikuita mvivu tangu kidato cha pili, nasi tukakupa Panadol na chupa ya maji moto, wakati jina la ugonjwa limeandikwa kwenye faili chini ya kitanda chetu. Yule daktari mpole alikuwa ametuambia huelekea kufuata damu, kutoka mama hadi binti. Tuliona haya. Haya hiyo ilikugharimu miaka 9, na hilo nalo limo kwenye hesabu yangu.

Kwa hiyo sikujibu sindano au kisu, nakujibu kuhusu fomu. Ukichagua upasuaji, kabla ya kutia saini muulize atakayeshika kisu kama anakata mabaka au anayachoma tu, na kama amezoea yaliyoingia kwenye utumbo. Muulize atafanya nini akikuta ndani kitu ambacho picha haikuonyesha. Jibu lake liandikwe. Uandike kwa mkono wako, juu ya saini, kwamba kama si kuokoa uhai, ovari haitolewi na mfuko hautolewi mpaka uamke uulizwe. Una haki hiyo. Wasipotaka uandike, vaa viatu uondoke. Ukichagua sindano, hesabu vilevile: miezi mingapi, mifupa inalindwa na nini, na siku ikikoma kinafuata nini. Na kalamu usimpe mtu. Usimpe mchumba wako, hata awe mwema kiasi gani. Mimi nilikuwa mwema.

Habari ya pesa tuachie sisi. Chama cha mama yako kimeshaambiwa.

Alhamisi nitakungoja Railways pale unaposhukia matatu ya 125, saa mbili kasorobo. Mama yako amesoma barua hii yote. Ameisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia naye anakuja kliniki. Anasema daftari lako la bluu, lile la tarehe za maumivu, ulilisahau juu ya friji. Tutakuja nalo.

Baba yako