Lazima nihifadhi Veda zote nne ndo niwe mtawa?

SWALI: Namaste Swamiji. Mi ni kijana wa Mombasa, nina miaka 27, nimeamua kwenda kuishi ashramu, makao ya kiroho, huko India na Bhagwan (Mungu) akipenda siku moja nichukue sanyasa, kiapo cha utawa. Sasa kuna mzee hekaluni kaniambia bila kuhifadhi kichwani Veda zote nne, maandiko yetu matakatifu ya kale, haiwezekani. Nimeanza kujifunza Rudram, sala ya Veda kwa Shiva, kwa YouTube lakini naona umri ushaenda. Nifanyeje?

JIBU: Namaste bhai. Tulia kwanza, hujachelewa. Huyo mzee, kwa heshima zake, amechanganya kazi mbili, kuna anayehifadhi Veda ili zisipotee na kuna mtawa anayezisoma ili ajijue yeye ni nani, zote takatifu ila si kitu kimoja.

Kuhifadhi ni umri wa mtu. Manu, mtoa sheria wa kale, anataja miaka 36 kwa Veda tatu, yaani 12 kila moja, na mtoto anaanza mdogo, kwenye miaka 8 hivi. Rigveda peke yake ina nyimbo 1,028. Na si kukariri kama shairi la darasani, kwenye usomaji wa ghana unasema neno la kwanza la pili, unarudi la pili la kwanza, kisha la kwanza la pili la tatu, la tatu la pili la kwanza, halafu tena la kwanza la pili la tatu, ndo unasogea neno moja mbele unaanza upya. Hivyo ndo sauti imetufikia toka mdomo hadi sikio, na mimi nikiwasikia wale watoto alfajiri machozi hunitoka.

Lakini sanyasi, yaani mtawa, siku ya kuapa anakatwa kile kishungi cha nywele, anavua janoi, ule uzi mtakatifu wa begani, anaaga yajna, ibada za moto. Na sehemu kubwa ya Veda inahusu hizo yajna. Kinachobaki kuwa chakula chake cha kila siku ni Upanishadi, ndo tunaita Vedanta, mwisho wa Veda. Tazama hata matha nne, nyumba za watawa, za mapokeo ya Shankaracharya, mwalimu mkuu wa Vedanta, kila moja imepewa Veda yake: Sringeri ina Yajurveda, Puri Rigveda, Dwarka Samaveda, Jyotirmath Atharvaveda. Ingekuwa kila mtawa lazima abebe zote, kugawana kulikuwa kwa nini?

Tena msome Narada, yule mjuzi, kwenye Chandogya, moja ya Upanishadi. Anamwendea mwalimu Sanatkumara anamhesabia aliyosoma, Veda nne, sarufi, hesabu, nyota, orodha ndefu, halafu anakiri kwamba anajua mantra tu, Atman, nafsi ya kweli, haijui, na ana huzuni. Mtu mwenye Veda zote nne kichwani, analia mbele ya mwalimu! Hapo ndo masomo yake ya kweli yakaanza.

Sasa hiyo YouTube. Kusikiliza sikiliza, kunatuliza moyo, ila usijifunzie hapo. Veda ina sauti ya kupanda na kushuka na sauti ikihama maana inahama. Unakijua kisa cha Tvashtar, yule mungu fundi, alitaka kwa mantra apate mtoto wa kumuua Indra, mfalme wa miungu, akakosea mkazo kwenye neno moja tu, indrashatru, maana ikageuka ikawa Indra ndo atamuua mtoto, na ikawa hivyo. Simu haiwezi kukwambia hapo umekosea, mwalimu aliye mbele yako anasikia.

Kwa hiyo saa hizi anza na Saha navavatu, ni fupi, yule pandit wa hekalu lenu akusikilize kila siku mpaka akubali. Ni dua ya mwalimu na mwanafunzi pamoja, tulindwe sote wawili, tusichukiane. Jifunze herufi za Devanagari na Kisanskriti kidogo kabla ya safari, ashramu nyingi zitakusomesha Gita na Upanishadi fupi kwanza. Na ukifika mwambie guru wazi kwamba Rudram umeitoa kwenye simu. Atakurudisha silabi ya kwanza, na wewe mkubalie.