Maswali ya Wasomaji: Seva Moja Inapozichelewesha Nyingine

SWALI: Ninasimamia klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya seva nne za Linux zinazofanana, zenye kadi za mtandao za gigabiti 10 kwa sekunde. Tangu nisasishe kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) kwenye seva moja, kasi yake ya kupokea data imeshuka sana, na wakati wa kazi nyingi seva nyingine huihesabu kuwa imekufa ilhali iko hai. Ping, amri ya kujaribu kama seva inafikika, inajibu vizuri. Je, nirudishe draiva (programu inayoendesha kadi ya mtandao) ya zamani?

JIBU: Usiirudishe kwanza, kwa sababu ukiirudisha sasa tatizo linaweza kutoweka bila wewe kujua lilikuwa nini. Unazo seva tatu nzima za kulinganishia, na hiyo ni nafasi ambayo msimamizi wa seva moja hana. Majibu ya ping hayatoshi: pakiti moja ndogo kwa sekunde huthibitisha kwamba njia iko wazi, si kwamba inahimili mzigo.

Anza na amri ya ethtool -i (ethtool ni chombo cha kusoma na kubadilisha mipangilio ya kadi ya mtandao) kwenye seva mbovu na kwenye nzima, ulinganishe toleo la draiva na la fimwea (programu iliyo ndani ya kadi yenyewe). Kisha linganisha mipangilio yenyewe. Mipangilio iliyowekwa kwa mkono kwa ethtool hupotea seva inapowashwa upya, na kusasisha kerneli hulazimu kuiwasha upya. Kwa hiyo mara nyingi draiva mpya hulaumiwa bure, wakati kilichobadilika ni ukubwa wa bafa (hifadhi ya muda ya pakiti zinazosubiri kuchotwa) uliorudi kwenye kiwango cha awali.

Mzigo ukiwa mkubwa, soma takwimu za ethtool -S mara mbili, kwa kupisha dakika chache. Hesabu hizo hujilimbikiza, hivyo tazama zile tu zinazoendelea kukua. Zikiwa ni makosa ya CRC (dalili ya data iliyoharibika njiani), chunguza kebo, moduli na mlango wa swichi, maana hapo draiva kwa kawaida haina hatia. Zikiwa ni pakiti zilizoangushwa kwa kukosa bafa, basi kadi inapokea haraka kuliko prosesa inavyochota, na ujumbe mdogo ambao seva hutumiana kujuliana hali unaweza kuangushwa pamoja na data. Ndiyo maana seva iliyo hai huhesabiwa imekufa.

Hapo fungua /proc/interrupts, faili inayoonyesha ni prosesa ipi inayohudumia kila foleni ya pakiti ya kadi, uisome tena baada ya sekunde kumi. Ukiona namba za foleni zote za kadi zinapanda kwenye safu ya prosesa moja huku safu nyingine zimetulia, hakikisha huduma ya irqbalance, inayogawa kazi hiyo kati ya prosesa, inafanya kazi na, kwa ethtool -l, kwamba idadi ya foleni haijapungua. Ukitaka kuongeza bafa kwa ethtool -G, hamisha kwanza huduma zote kutoka kwenye seva hiyo, kwa kuwa kadi nyingi hukata mawasiliano kwa muda mfupi wakati wa badiliko hilo.

Ikiwa mnatumia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 9000, jaribu pia ping -M do -s 8972 kati ya kila jozi ya seva, kuona kama pakiti kubwa zinapita bila kugawanywa.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati, na upime kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kabla na baada, kwa mkondo mmoja na kisha kwa mikondo kadhaa, kwani mkondo mmoja kwa kawaida hupita kwenye foleni moja. Kila kitu kikilingana na seva nzima na kasi bado iko chini, ndipo uiwashe seva kwa kerneli ya zamani. Kasi ikirejea, vipimo hivyo ndivyo watunzaji wa draiva watakavyovihitaji.